Bukavu: Mama wa Kadutu aamua safari ya theluji

Simu iliingia jioni, mama akiwa anachambua sambaza mbele ya nyumba yake, Kadutu. Mwanawe, ambaye anaishi Montréal na mke na watoto wawili, alikuwa na shauri. Wiki ya mapumziko ya shule, mwanzoni mwa Machi, alitaka kuwapeleka watoto Mont-Tremblant, mji wa milimani ulio umbali wa kilomita 130 hivi, ambako watu wanaenda kuteleza kwa ski juu ya theluji. Hesabu alikuwa ameshapiga: hoteli usiku mbili, kukodi ski na viatu vyake, mwalimu wa kuwafundisha watoto, mafuta ya gari. Jumla, dolari 900 za Kanada.

"Sijalipa bado, mama. Nimeona nikuulize kwanza."

Mama alielewa kwa nini anaulizwa. Binti yake alikimbia Bukavu Februari 2025, wakati M23 walipoingia mjini. Alivuka Rusizi na watoto watatu, na leo yuko Musenyi, kwenye kambi ya wakimbizi kule Burundi. Anaomba mtaji wa kuuza unga. Na tangu benki za Bukavu zifunge milango, pesa ya ng'ambo inapitia kwenye simu, na wakala anakata yake.

Usiku ule mama hakujibu. Alimkumbuka marehemu mumewe, mwalimu, ambaye aliwaahidi watoto kuwapeleka Tshivanga, kwenye mlango wa mbuga ya Kahuzi-Biega, kuona gorila. Kutoka Bukavu ni mwendo wa kilomita thelathini na kitu tu. Mwaka 1996 alikuwa ameweka pesa kando. Oktoba vita ikaingia. Mwaka 1998, vita tena. Juni 2004 waasi wakateka mji, na akiba ikaishia kwenye chakula. Mwalimu alikufa bila kuukaribia Kahuzi, mlima wa mita 3,308, na watoto wakakua bila kuona gorila.

Kesho yake akampigia binti. Alimweleza yote, bila kuficha kiasi. Binti alinyamaza kwanza.

"Hiyo theluji wanailipia yote hiyo, mama, na hawarudi nayo nyumbani?"

Wakacheka wote wawili. Kisha binti akasema: "Aende. Watoto wake pia ni watoto. Lakini siku tatu ni nyingi, wakati wangu wanakula mara moja kwa siku."

Mama akaona hukumu imeshatoka. Alimrudia mwanawe: siku moja, si tatu. Watoke alfajiri, warudi usiku, chakula wabebe kutoka nyumbani. Watoto ndio wateleze. Yeye na mkewe wasimame wawatazame. Kinachobaki kiende Musenyi.

"Asante, mama," kijana akajibu. Alisema tangu apige ile hesabu alikuwa hapati usingizi.

Baada ya hapo maneno yakawa mepesi. Mama aliuliza mlima wenyewe una urefu gani. Kumbe pale juu wanapoanzia kuteleza ni mita 875, na Bukavu iko karibu mita 1,500.

"Basi sisi ndio tunaokaa mlimani," mama akasema. "Na theluji hatuna!"

Kijana akamweleza kwamba kule baridi inaletwa na majira, si urefu wa mlima. Kwetu, karibu na ikweta, lazima upande hadi vilele vya Ruwenzori, mita 5,000 na zaidi, ndipo ukute barafu, na hata hiyo inapungua mwaka hadi mwaka.

Wiki iliyopita pesa ilifika Musenyi. Binti amenunua magunia mawili ya unga na mizani ya kupimia. Kwa mwanawe, mama ameongeza agizo moja: atume picha za watoto wakiwa kwenye theluji, na akirudi aanze kuweka kidogo kidogo pesa ya Tshivanga. Siku njia itakapokuwa salama, wataenda wote, pamoja na wale wa Musenyi.