Betri ikifa, kumbukumbu inakwenda wapi?



Katika kazi yangu ya redio hapa Bunia, watu hawaniletei habari tu. Wananiletea redio zilizonyamaza na simu zilizokufa. Mama anasema, "Mwanangu, hii redio haisemi tangu tulikimbia." Papa mwingine anatoa simu mfukoni, anaomba nimtafutie picha za watoto zilizomo ndani. Wanafikiri mtu wa redio ni fundi. Mimi si fundi. Nilisoma sekondari, kisha mafunzo ya uandishi wa habari. Lakini nimekaa miaka mingi karibu na fundi wa studio yetu, na alichonifundisha kinagusa familia nyingi zilizohama. Ndiyo sababu ninakiandika leo.

Kilianza na meza yetu ya kuchanganyia sauti. Ni ya zamani, na ina kumbukumbu yake: unaipanga asubuhi, na kesho yake unaikuta vilevile. Ikaanza kusahau. Kila umeme ukikatika, tulikuwa tunapanga upya kila kitu. Fundi akaifungua, akakuta ndani betri ndogo iliyolehemiwa kwenye bodi, yaani kile kibao cha kijani chenye njia nyembamba za shaba. Betri ilikuwa imevuja. Maji yake yalikuwa yamekauka, yakawa ukoko wa rangi ya majani, na njia mbili za shaba zilikuwa zimeliwa.

Alipotafuta namna ya kuitengeneza, walimu aliowapata hawakuwa watu wa redio. Walikuwa mafundi wa mashine za michezo za zamani. Wengi wetu hatujaziona. Ni makabati marefu kama kabati la nguo, yenye kioo cha televisheni na vitufe, na unatia sarafu ili ucheze. Zilijaa katika kumbi za Marekani, Ujapani na Ulaya kuanzia miaka ya 1970. Leo watu wanazitengeneza kwa mapenzi tu, na wanaujua ugonjwa huu wa betri kuliko wengine.

Mashine ya Space Invaders ya mwaka 1978 ilikuwa inaweka alama za mshindi katika kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Ukiizima, alama zinapotea. Mwaka 1981 kampuni ya Williams ya Marekani ilitoa mchezo unaoitwa Defender, nayo ikaweka betri 3 ndogo kwenye bodi, za saizi ileile tunayotia katika tochi na redio. Usiku mashine ikizimwa, betri hizo zilikuwa zinalisha kumbukumbu ili majina ya washindi na mipango ya mwenye mashine visipotee. Lakini wenye mashine walizisahau mle ndani miaka na miaka. Zikavuja juu ya bodi, na kitu kilichowekwa kulinda kumbukumbu kikaanza kukata njia zake.

Fundi alinionyesha jinsi wanavyotafuta ubovu. Kwanza wanauliza: mashine inasahau wakati gani? Kama inafanya kazi vizuri ikiwa imewashwa, na inasahau ikizimwa tu, shaka inakwenda kwa betri. Kama inaonyesha kosa hata ikiwa imewashwa, shaka inakwenda kwa kumbukumbu yenyewe au kwa njia iliyokatika. Kisha wanapima kwa multimeta: umeme upo kwenye betri? Je, unafika hadi kwenye mguu wa ile kumbukumbu? Kama upo mwanzoni na haupo mwishoni, njia imekatika katikati.

Halafu wanatoa betri mbovu na kusafisha. Betri za alkali zikivuja, wanapaka siki kidogo kwa mswaki ili kuua ile alkali, wanasuuza, wanafuta kwa alkoli, wanaacha ikauke kabisa. Njia iliyoliwa inaungwa kwa waya mwembamba na kulehemu. Mwishowe betri mpya hairudi palepale. Inawekwa pembeni, mbali na bodi, kwa waya mrefu, ili siku itakapovuja ichafue kisanduku chake peke yake. Meza yetu ilitengenezwa hivyo hivyo. Betri yake sasa inaning'inia nje, ndani ya kikopo cha plastiki, na kila mtu anaiona.

Kuna hadithi nyingine ya mashine hizo ambayo ninaifikiria zaidi. Mwaka 1993 kampuni ya Capcom ya Ujapani ilitoa mashine inayoitwa CPS-2. Ili watu wasiibe michezo yake, programu iliandikwa kwa siri, na ufunguo wa kuisoma ukawekwa katika kumbukumbu inayoishi kwa betri moja ndogo. Betri ikiisha, ufunguo unafutika. Mchezo wote bado umo ndani, hakuna kilichochomwa, lakini mashine haiwezi tena kuusoma. Unaona kioo cha rangi moja tu. Kuweka betri mpya baada ya hapo hakusaidii kitu. Ilibidi uibadilishe ikiwa bado hai.

Watu wanaopenda mashine hizo hawakukaa kulia. Mwaka 2007 siri ya maandishi hayo ilifunguliwa kabisa, na mwaka 2016 ikatangazwa njia ya kurudisha ufunguo ndani ya bodi iliyokwisha kufa. Iliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wamenakili yaliyomo ndani na kuyahifadhi mahali pengine, mbali na betri.

Sasa turudi kwetu kambini, kwa sababu simu yako haifanani na mashine hiyo, na hiyo ni habari njema. Picha, sauti na namba za simu zinakaa katika kumbukumbu isiyohitaji betri. Simu inaweza kulala miaka bila chaji, na vitu bado vimo. Betri ya simu ikifa, picha hazijafa.

Ninasema hivi kwa sababu ya mama mmoja aliyetoka upande wa Djugu. Simu yake ilikuwa na betri iliyovimba, na mnunuzi wa vipuri alitaka kuichukua kwa franga kidogo. Yeye alikuwa anahitaji sabuni na chumvi. Fundi wetu alimwomba angoje. Akaitoa ile betri iliyovimba kwa uangalifu, akatia nyingine, na simu ikawaka. Namba zote zilikuwemo. Tulipiga moja baada ya nyingine, nyingi hazikupatikana. Moja ikaita. Ilikuwa ya shemeji yake, yuko Mahagi. Alikuwa ameshaomboleza, akifikiri huyu mama alikufa na watoto wake. Simu hiyo ingeuzwa kwa bei ya sabuni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ninaomba tushike mambo haya.

Usiuze simu iliyokufa kabla fundi hajaijaribu kwa betri nyingine. Betri iliyovimba usiitoboe, usiipige, usiitupe motoni.

Kadi ya kumbukumbu ikisema inataka kufomatiwa, kataa. Itoe, usiandike kitu kipya juu yake. Picha iliyofutwa mara nyingi bado imo mpaka kitu kingine kiandikwe palepale. Kuna programu ya bure inayoitwa PhotoRec ambayo mtu mwenye kompyuta anaweza kutumia kuzitafuta. Na usichomoe kadi wakati simu bado inaandika.

Redio yako, kama hauisikilizi kwa siku nyingi, toa betri. Betri za bei ndogo zina ganda la zinki, na ganda hilo linaliwa kadiri umeme unavyotoka. Betri iliyokwisha ina ganda jembamba, ndiyo maana inavuja. Tunaijua ile desturi ya kuianika juani ili ipate nguvu kidogo. Nguvu hiyo ni ya muda mfupi, na ukiiacha ndani ya redio itavuja. Usichanganye ya zamani na mpya. Uvujaji wa betri hizi za zinki una asidi, kwa hiyo siki haifai. Tumia bikarbonati ya kupikia na maji kidogo kwenye mswaki, usiguse kwa mkono, kisha kausha vizuri. Mara nyingi redio inasema tena baada ya kusafishwa vile vyuma vya betri tu.

Na la mwisho halihitaji fundi. Chukua karatasi, andika namba 5 za watu wako pamoja na majina yao. Shona karatasi ndani ya nguo ya mtoto, au mpe jirani unayemwamini nakala. Picha unazozipenda, zitume kwa ndugu aliye mji mwingine leo hii, wakati simu ingali inawaka. Tunapotangaza redioni majina ya watu wanaotafutwa, familia zenye namba kwenye karatasi ndizo tunazoweza kusaidia haraka zaidi.

Kama una redio au simu iliyolala, usiitupe. Ilete studio, tumwonyeshe fundi. Mkae salama.