A Yenye Kinyota

Nilipokuwa nasoma kompyuta Dar es Salaam, miaka ya 1990, somo lililonishika kuliko yote lilikuwa la kutafuta njia. Mhadhiri aliandika ubaoni herufi A, akaiwekea kinyota begani, akasema hilo ndilo jina kamili la algoriti ya siku hiyo. Tulikwisha kuizoea ile ya Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyeichapisha mwaka 1959, ambayo huitwa kwa jina lake. Hii ya mwaka 1968 ilikuwa na baba watatu, Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, na haikubeba jina la hata mmoja wao.

Walikuwa Taasisi ya Utafiti ya Stanford, California, wakishughulika na roboti yao Shakey, iliyoitwa hivyo kwa sababu ilitikisika ikitembea. Ilipaswa kujitafutia njia vyumbani bila kugonga vitu. Algoriti ya Dijkstra hupapasa pande zote, hata kule usikokwenda. Wao wakaongeza kadirio: chukua mwendo uliokwisha kwenda, jumlisha na umbali unaokisia kuwa umebaki, kisha endelea na pale penye jumla ndogo.

“Wewe wa Lushoto,” mhadhiri akaniambia, “gari litafikaje Mazinde?”

Nikamjibu: linashuka Soni hadi Mombo, halafu linashika barabara kuu ya Moshi. Lakini ukisimama kwenye genge la Irente, Mazinde unaiona chini ya miguu yako. Mwalimu akafurahi mno. Kompyuta, alisema, itaikimbilia Irente kwanza, ikwame gengeni, ndipo igeukie Soni. Mwisho itafika tu, tena kwa njia fupi kuliko zote, maana kadirio letu ni umbali wa moja kwa moja, nao hauwezi kuuzidi wa barabara. Kadirio lisipotia chumvi, njia itakayopatikana ndiyo fupi kuliko zote. Likitia chumvi, dhamana hiyo hakuna.

Hapo jina likanielea. A ni ya algoriti, na kinyota ni alama ya sifa hiyo ya kuipata njia fupi. Nimelifundisha somo hili miaka mingi sasa, na bado naliheshimu jina lile, kwa sababu wale watatu waliweka mbele kazi waliyoithibitisha kwa hesabu. Wanafunzi wangu wengi hudhani kinyota kinaahidi pia kwamba kompyuta haitapoteza muda Irente. Basi tunachora upya ramani ya Lushoto, Soni na Mombo, na kujumlisha mwendo na kadirio, kituo kwa kituo.