Wanaotutibu Nao Wasikilizwe

Ndugu msomaji, Jumapili hii naomba nikusimulie kosa langu mwenyewe, kwani huenda nawe ukajikuta umo ndani yake.

Mwaka jana ulifanyika mkutano wa mtaa wetu. Yaliyozungumzwa yalikuwa yale yale ya siku zote: taka, taa za barabarani na ulinzi wa usiku. Mwishoni alisimama muuguzi mmoja, mama wa makamo, afanyaye kazi katika zahanati iliyo karibu nasi. Alieleza kwamba kipimo cha shinikizo la damu kilikuwa kimeharibika, kwamba alikwisha kuandika barua tatu bila ya kupata jibu, na kwamba watu wazima waendao pale hurudi makwao bila ya kujua hali zao. Mtu mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Huyu aliajiriwa kutibu au kuhutubia?" Watu wakacheka. Nami, mwandishi wa habari, nilicheka, nikafunga daftari langu.

Miezi minne baadaye mama yangu mzazi alianguka uani akianika nguo. Mkono wa kulia ulilegea, ulimi ukawa mzito. Katika hospitali kubwa tuliambiwa kuwa ni kiharusi, na kwamba huenda presha yake ilikuwa juu kwa muda mrefu. Ndipo nilipokumbuka kuwa katika miezi ile alikwenda zahanati mara mbili, mara kwa kikohozi, mara kwa maumivu ya magoti. Hakupimwa, kwani hapakuwa na cha kumpimia.

Shinikizo la damu, ndugu msomaji, ni adui asiyebisha hodi. Wengi walio nalo hawasikii maumivu yoyote. Kuligundua hakuhitaji mtambo mkubwa wala daktari bingwa. Kwahitaji kifaa cha kufunga mkononi na mtu aliyefunzwa kukitumia. Mahali pake ni zahanati. Likikosa kugunduliwa pale, gharama huja baadaye: kitanda cha hospitali, nauli za kila siku, na mtu wa kumwuguza mgonjwa. Dada yangu amelifunga genge lake la mboga tangu siku ile.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walikusanyika kwenye redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakajifunza kujikinga na maradhi kama malaria na kichocho. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, mji uliokuwa katika Muungano wa Kisovieti, ambao leo huitwa Almaty, nchini Kazakhstan. Yalitamka kwamba huduma ya afya ya msingi ndiyo njia ya kufikia afya kwa wote, na kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga. Mwaka 2018, huko Astana, ahadi hiyo ilithibitishwa upya.

Lakini maazimio hayawezi kujua kwamba kifaa cha zahanati fulani kimeharibika. Anayejua ni muuguzi. Yeye ndiye aandikaye majina ya wagonjwa daftarini. Yeye ndiye aonaye watu wa mtaa mmoja wakileta ugonjwa ule ule wiki hadi wiki. Tukidhani kuwa kazi yake yaishia kwenye sindano, tunampoteza shahidi wetu wa kwanza. Siku ile mkutanoni hakujiombea posho wala cheo. Alikuwa akimwombea mama yangu.

Nilimwendea kumwomba radhi. "Sista," nilimwambia, "siku ile ya mkutano nilikuwapo, nikacheka."

Hakunijibu hilo. Aliuliza, "Mama anaendeleaje?"

Nilimjibu kuwa ameanza kushika kijiko.

"Mlete tumpime. Kipimo kililetwa mwezi uliopita."

Nilimwuliza kilipatikanaje. Akaniambia kuwa alihesabu kutoka daftarini watu wazima wote waliorudi bila ya kupimwa, akaipeleka hesabu hiyo mbele ya kamati ya zahanati. Safari hii wajumbe wawili, wananchi wa kawaida, walisimama upande wake na kuifuatilia hadi ngazi ya juu. "Nilipoandika peke yangu sikujibiwa," alisema. "Waliposimama wenye zahanati yao, tulijibiwa."

Basi, ndugu msomaji, je, unawajua wajumbe wa kamati ya zahanati yako? Kama huwajui, waulizie wiki hii. Mzee wako mpeleke akapimwe hata kama hasemi kuwa anaumwa. Na katika mkutano ujao, muuguzi akinyosha mkono kuomba nafasi ya kusema, tafadhali mnyamazishe anayecheka. Mimi nisingependa mama yako aanguke ndipo ukumbuke alichosema.