Kilio cha Mtoto Kifike Wapi?

Wazee wetu walisema: "Mnyonge hana haki." Methali hii haikutungwa ili tuifuate, bali ili tuone aibu. Na katika wanyonge wote, nani mnyonge kuliko mtoto? Mtu mzima akinyang'anywa shamba, atakwenda kwa mwami au kwa hakimu, naye atasema mwenyewe maneno yake. Mtoto hana nauli, hana wakili, hajui kuandika barua. Tena, mara nyingi yule aliyemwonea ndiye yule ambaye angepaswa kumshtakia: mlezi wake, mwalimu wake, au askari mwenye bunduki.

Sheria tunazo. Nchi yetu ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Mwaka 2006 ilitoa sheria kali juu ya wanaowanajisi watu, na tarehe 10 Januari 2009 ikatoa sheria nzima ya kumlinda mtoto. Lakini sheria isiyo na mahali pa kushtakia ni kama mlango uliochorwa ukutani: waonekana, lakini haufunguki. Basi leo tunataka kuuliza: mtoto akilia, kilio chake kifike wapi?

Tusitafute mfano mbali. Kavumu ipo kama kilomita thelathini tu kaskazini ya Bukavu, penye uwanja wa ndege. Tangu mwaka 2013 mpaka 2016 makumi ya watoto wa kike waliibwa usiku katika nyumba zao, wakanajisiwa, wakaachwa mashambani. Wengine hawakuwa wamefika hata umri wa kwenda shule. Waliofikishwa hospitali ya Panzi walitibiwa na Daktari Denis Mukwege na wenzake, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Wazazi walishtaki. Lakini kila shauri liliandikwa peke yake, kana kwamba mtoto huyu hana habari na yule wa jirani. Na miaka ikapita.

Ni mwaka 2016 tu mashauri yalipokabidhiwa waendesha mashtaka wa jeshi na kuunganishwa kuwa shauri moja. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba kazi ile ilikuwa ya kundi moja, lililothubutu kujiita Jeshi la Yesu. Mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini ilihamia Kavumu penyewe, wananchi wakisikiliza. Watoto hawakulazimishwa kusimama mbele ya waliowatesa. Maneno yao yalikuwa yamekwisha kupigwa katika filamu. Tarehe 13 Desemba 2017 Frederic Batumike, mjumbe wa bunge la jimbo, pamoja na wenzake kumi, walihukumiwa kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Julai 2018 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilithibitisha hukumu hiyo.

Tunafurahi kwa hukumu ile. Hata hivyo, swali moja labaki. Watu wale walihukumiwa kwa matendo yao. Lakini ile miaka ambayo vilio vya watoto vililala katika makabati, nani ataijibia? Swali hili halimhusu mwovu mmoja tu. Lahusu Serikali yenyewe, iliyo na wajibu wa kumlinda mtoto. Na hapo, ndugu zangu, ndipo yatakiwa mahali pengine pa kushtakia, juu kuliko nchi moja.

Mahali hapo papo. Umoja wa Mataifa ulikubali tarehe 19 Desemba 2011 itifaki inayompa mtoto ruhusa ya kuipelekea Kamati ya Haki za Mtoto, huko Geneva, shtaka dhidi ya nchi. Itifaki hiyo ilianza kufanya kazi tarehe 14 Aprili 2014, baada ya nchi kumi kuithibitisha. Katika Afrika twayo Hati ya Haki na Ustawi wa Mtoto ya mwaka 1990, pamoja na Kamati yake ya wataalamu kumi na mmoja, ambayo makao yake sasa yapo Maseru, Lesotho. Milango hii miwili huwafungukia tu watoto wa nchi zilizoithibitisha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakuu wa nchi yoyote ni hili: Je, mmethibitisha?

Kwa Kongo kuna pia mlango wa tatu, wa zamani zaidi. Tangu mwaka 1976 nchi yetu ilikubali kwamba mtu aliyeonewa aweza kuiandikia Kamati ya Haki za Binadamu ya Geneva. Nao Mkataba unaolindwa na Kamati hiyo, katika kifungu chake cha 24, wasema kila mtoto ana haki ya kulindwa, ya kuandikishwa mara azaliwapo, na ya kuwa na jina. Mlango huu si mgeni kwetu. Faustin Birindwa, mzaliwa wa Kivu, aliushika pamoja na Etienne Tshisekedi wakati wa utawala wa Mobutu. Na mwaka 1989 Kamati ilitamka kwamba Zaire imevunja haki zao.

Mwingine atasema: "Barua ya kwenda Ulaya itamsaidia nini mtoto wa Kadutu au wa Bagira?" Si swali la kudharau. Tutazame basi yaliyotokea kwa jirani zetu. Huko Kenya, babu zao Wanubi waliletwa na Waingereza kutoka Sudani kuwa askari, wakakaa Kibera. Wajukuu wao walizaliwa pale pale, lakini hawakuhesabiwa kuwa wenyeji. Kesi yao ilifunguliwa katika mahakama ya Kenya mwaka 2003, ikakwama. Mwaka 2009 shtaka likafikishwa mbele ya Kamati ya Afrika. Tarehe 22 Machi 2011 Kamati ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa: watoto wale wamenyimwa haki, na haifai mtoto kungojea mpaka awe mtu mzima ndipo nchi yake imtambue.

Huko Tanzania wasichana waliopata mimba walifukuzwa shule. Mwaka 2019 mashirika mawili yaliwashtakia kwa Kamati hiyo hiyo. Novemba 2021 Serikali iliwaruhusu warudi darasani; na mwaka 2022 Kamati ikatamka kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Na huko Geneva, mwaka 2018, Kamati ya Haki za Mtoto iliizuia Denmark isimrudishe mtoto wa kike pamoja na mama yake Msomali mahali ambapo angeweza kukeketwa.

Lakini tusidanganyane: milango hii yahitaji kutiwa nguvu. Kamati hizi hazina polisi. Uamuzi wao huzaa matunda pale tu nchi inapotii na wananchi wanapokumbusha. Kiswahili si mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, hivyo mtoto wetu hawezi kuandika kwa lugha ya mama yake bila msaada. Tena, ni lazima kwanza kupita mahakama za nyumbani, isipokuwa zikikawia kupita kiasi au zisipoweza kusaidia. Ruhusa hii ni jambo kubwa kwetu. Februari 2025 kundi la M23 liliingia Bukavu, na kazi ya mahakama za Serikali ikavurugika. Mtoto aliyeonewa wakati kama huo asiambiwe tu: "Rudi kwa hakimu."

Geneva hawapokei barua isiyo na jina. Mzazi asiogope, kwa maana jina la mtoto halitangazwi bila ruhusa yake, na nchi imekatazwa kumlipizia kisasi aliyeshtaki. Lakini barua yataka tarehe, mahali, umri, cheti cha daktari, na nakala ya kila hatua iliyofanywa mbele ya waendesha mashtaka na hakimu. Je, vitu hivi vinatoka Geneva? Hapana! Vinatoka Ibanda, Kavumu, Walungu. Vinatoka katika sanduku la mama aliyetunza karatasi zake.

Sisi tunaofundisha watoto katekisimu twaliona jambo hili kila mwaka. Tunapoandika majina yao, tunauliza siku ya kuzaliwa. Mmoja ajibu, "Nilizaliwa wakati wa kukimbia." Mwingine anyamaza. Mtoto asiye na tarehe ataonyeshaje kwamba ni mtoto? Akivalishwa nguo za askari, watasema ni mkubwa. Akinajisiwa, watasema alikuwa amekwisha kukomaa. Kumbe karatasi ya komini, ambayo mzazi hupewa bure akimwandikisha mtoto ndani ya siku 90, ndiyo ngao yake ya kwanza. Cheti cha ubatizo ni chema, lakini hakichukui nafasi yake.

Kuna pia desturi moja ambayo lazima tuiseme waziwazi. Binti akiharibiwa, jamaa mbili hukaa chini ya mti, mbuzi huletwa, bia hunywewa, maneno huisha. Yameisha kwa nani? Wazee wamepatana, lakini mtoto hakuulizwa, na kosa lake yule mtu halikuandikwa popote. Mbuzi yule amefunga milango yote kwa mara moja: wa hakimu, wa Maseru, na wa Geneva. Amani ya jirani ni njema sana, lakini isinunuliwe kwa mwili wa mtoto.

Basi, wazazi na walimu, tukitaka mashtaka ya watoto yasikilizwe na mataifa, tuanze tulipo. Mtoto akisema neno zito, tumsikilize mpaka mwisho, tusimpige kwa kulisema. Tumpeleke kwa daktari siku ile ile. Tuandike tarehe. Tutunze karatasi. Tutafute watu wa Haki na Amani au wakili mwaminifu atakayetuongoza. Na wakuu wa nchi tuwaombe bila kuchoka wathibitishe mapatano yote yanayompa mtoto ruhusa ya kushtaki, nao wayatii.

Ngazi ya kufikia juu ni ndefu, na vipawa vyake vya chini viko mikononi mwetu. Vikiwa vimeoza, hakuna mtoto atakayepanda.