Gari la mtoto Marangu: tafuta fundi anayeanza na breki

Kila Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, watoto waliokulia Dar es Salaam hushuka kwenye basi Moshi mjini na kuanza kuhesabu magari ya watalii, zile Land Cruiser zenye paa la kuinuka. Wakifika Marangu, jioni ileile mmoja humwambia babu, "Na mimi nataka kama ile."

Kihambani ombi hilo si geni. Binamu zake wana magari ya waya yenye taa za visoda na matairi ya ndala zilizochakaa. Hayo husukumwa kwa fimbo, hayamdhuru mtu. Shida ni gari la kupanda: ubao, beringi nne kuukuu za gereji na kamba ya kukatia kona.

Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la hifadhi la Marangu liko juu ya mita 1,800. Katikati hapo ni mteremko, na barabara kuu ina lami. Gari lisilo na breki likishika kasi, mbele kuna bodaboda na daladala.

Mzazi ana mafundi wa aina tatu. Binamu mkubwa hatoi bei, ila misumari yake hulegea. Seremala atatoa umbo zuri kwa mbao za msonobari au mgrevilea. Muulize kama ekseli itafungwa kwa bolti na nati. Mchomeleaji hutengeneza kitu imara, lakini chuma ni kizito, na gari zito ni gumu kusimamisha. Kingo za bati nazo hukata vidole.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, omba kuona gari alilokwisha kumtengenezea mtoto mwingine. Likague baada ya miezi ya kuchezewa, si likiwa jipya. Fundi anayekimbilia habari za rangi, mshukuru uende zako. Anayeuliza, "Mtoto ana miaka mingapi, na ataendeshea wapi?" huyo kaa naye mzungumze.

Jibu la swali lake la pili liwe uwanja wa shule, uliofungwa kwa likizo, mkubwa mmoja akiwa amesimama upande wa chini. Barabarani, hata gari zuri halina nafasi.