Jiko lisilo na mlango wa mbele

Kwetu Chiwata, kuku akiletwa mezani hakuna anayeuliza kachinjwa na nani. Hatuulizi kwa sababu tunajua. Asubuhi umemwona akikimbizwa chini ya mikorosho, umesikia kijana wa madrasa akiitwa aje na kisu, na manyoya yake bado yako uani. Nimeishi na ujuzi huo miaka hamsini na sita bila kufahamu kuwa ni neema, mpaka nilipokwenda Dar es Salaam kuonja baga za mwanangu.

Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu akiwa darasa la pili, na mama anayemjua ni mimi. Msimu wa korosho uliopita, malipo ya mnada yalipoingia, alinipigia simu akaniomba shilingi laki sita. Alisema anafungua mgahawa. Fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya mabati. Nikampa, huku nikijua kuwa nyumba itavuja masika moja zaidi.

Nilipofika, baada ya safari ya siku nzima kutoka Masasi kupitia Lindi na daraja la Mkapa, nilimwambia anipeleke nikauone mgahawa wetu. Akacheka kwa haya. "Mama, mgahawa wenyewe hauna mlango wa mbele. Uko ndani ya simu."

Akanieleza. Ana jina, ana picha, ana maboksi yaliyopigwa chapa. Meza na viti hana. Amekodi kona ya jiko katika hoteli ya mtu mwingine, analipa kwa wiki. Mteja anaagiza kwa simu, kijana wa bodaboda anafika mlango wa nyuma, anapokea boksi na kuondoka. Anayekula hajui kuwa chakula chake kimetoka katika hoteli ambayo pengine huipita kila siku.

Nilidhani huo ni ubunifu wa unyonge wetu. Kumbe hata matajiri ndivyo wafanyavyo. Mwanangu alinisimulia habari za kijana mmoja wa Marekani, Jimmy Donaldson, ajulikanaye mtandaoni kwa jina la MrBeast, ambaye Desemba 2020, katika siku za korona, alizindua baga zake katika sehemu zipatazo 300 kwa mkupuo. Hakujenga hata jiko moja. Zilipikwa ndani ya migahawa ya watu wengine. Mwaka 2023 yeye mwenyewe alikwenda mahakamani New York kuishtaki kampuni aliyoshirikiana nayo, akidai kuwa baga zenye jina lake ni mbovu. Kampuni ilikana, nayo ikamshtaki. Nilipoyasikia hayo nilijiambia: huyu naye jina lilikuwa lake, lakini mkono haukuwa wake.

Kwenye boksi la mwanangu palikuwa na neno moja kwa herufi za kijani: HALALI. Nikamuuliza swali la Chiwata, nani anachinja? Akajibu bila kusita: nyama inatoka kwenye bucha la Muislamu anayemfahamu. Nikashusha pumzi. Hata hivyo nikasema, nataka kuliona jiko.

Mpishi wa hoteli ile, kijana Mkristo mwenye adabu, aliniamkia na kunifutia kiti. Nikatazama bapa la chuma wanalokaangia, nikauliza, hapa panakaangwa nini kingine? Mwanangu akatazama sakafu. Aliyejibu ni mpishi. "Mama, sitakudanganya. Mchana ni baga zake. Usiku ni nguruwe, kwa wateja wa baa. Lakini tunakisugua vizuri kwa sabuni."

Simlaumu mpishi yule, wala mwenye hoteli. Ile ni nyumba yao, na wao hawakuandika popote kuwa chakula chao ni halali. Neno lile liliandikwa na mwanangu, kwa fedha yangu.

Usiku tuliketi. Alijitetea kuwa nyama yenyewe ni safi, chuma kinaoshwa, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nikamwambia hawakulalamika kwa sababu hawakuona. Katika madhehebu ya Imamu Shafi tuliyolelewa nayo, najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hilo alilisoma madrasa kabla hajaota ndevu. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nikilifuta neno lile, wateja watakimbia." Hapo nikaelewa kuwa analijua thamani yake. Hakuwa akiuza baga; alikuwa akiuza neno.

Nikiri mbele yako, ndugu msomaji, kuwa nafsi yangu ilininong'oneza: mwache kwanza arudishe laki sita, ndipo arekebishe. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya sambusa.

Kwa miaka tisa nilikaanga sambusa nyumbani Chiwata, zikauzwa katika mgahawa wa chai pale Masasi. Walaji hawakulijua jina langu. Nami nilikuwa jiko lisilo na mlango. Usiku mmoja panya alitumbukia katika sufuria ya mafuta. Hakuna aliyeona ila mimi na mtoto huyu, akiwa na miaka kumi. Nilimwaga mafuta yote, na pamoja nayo fedha ya sare yake ya shule. Alilia sana.

"Unayakumbuka mafuta?" nikamuuliza.

Alikaa kimya muda mrefu. "Nayakumbuka, Mama. Uliyamwaga nyuma ya choo."

Usiku ule ule aliifunga duka lake la simuni. Wateja aliokuwa na namba zao aliwaandikia ukweli wote, akawaomba radhi na kuahidi kurudisha fedha kwa atakayedai. Wapo waliomtukana, wapo waliomwombea dua, na wapo waliodai wakalipwa. Fedha yangu nyingi ilikwenda huko. Kwa iliyobaki alinunua chuma kilichotumika, akahamia Temeke katika jiko la mama lishe mmoja ambaye hufunga baada ya alasiri. Bado ni jiko ndani ya jiko la mwingine, ila sasa anajua kilichopita juu ya kila sufuria.

Huko ndiko nilikoonja baga yangu ya kwanza. Mkate wake una utamu kidogo, kitunguu kilikaangwa vyema, na pilipili ilikosekana. Nilimwambia aongeze.

Dini yetu haikututaka tumpeleleze ndugu yetu katika chakula chake. Tumeruhusiwa kumdhania mema na kula kwa bismillahi. Kwa sababu hiyo hasa, mzigo wote umemwangukia mpishi. Kadiri mlaji anavyokuwa mbali na jiko, ndivyo amana inavyozidi uzito. Waliosema usione vyaelea, vyaundwa, walikuwa na vyombo vya baharini machoni mwao, nami nimeuona ukweli wake katika boksi la baga.

Nimerudi Chiwata. Mvua za kwanza zimeanza, na paa linavuja pembe mbili. Nimetega ndoo, nami nalala vizuri.