Ndege za Mfano na Kazi ya Kusahihisha

Kwa muda mrefu tumetamani kuandika habari za kazi moja ambayo watu wazima wengi huidharau, wakiihesabu kuwa mchezo wa watoto tu, nayo ni kazi ya kutengeneza ndege ndogo za mfano. Sisi tukaao Temeke, upande wa Yombo, tu jirani na uwanja mkubwa wa ndege wa Dar es Salaam, na mchana haupiti bila ya watoto kuinua macho juu. Mtoto wa huku huitambua ndege kwa mlio wake kabla hajaiona. Basi si ajabu akitamani kuwa nayo mkononi mwake.

Tangu zamani watoto wetu hujiundia vyombo vya kuchezea kwa vitu vilivyotupwa. Bua huwa kiwiliwili cha ndege, waya huwa miguu, na ndala iliyokatika huchongwa ikawa magurudumu. Kazi hiyo ni njema, maana huifundisha mikono kutii macho. Lakini iko kazi nyingine iliyo juu yake, nayo ni kutengeneza mfano ulio sawasawa na ndege yenyewe kwa kipimo, hata mtu akiupima mfano kwa rula aweze kusema urefu wa ndege iliyo uwanjani. Ya kwanza yataka macho na mikono tu. Hii ya pili yataka pia hesabu, na uvumilivu wa kurudia.

Kipimo hicho huitwa skeli, nacho ni kama kile cha ramani. Skeli ipendwayo sana na watengenezaji wa ndege za mfano ni 1/72, yaani kila urefu wa ndege hugawanywa kwa 72. Wengine watauliza, kwa nini 72, wala si 70 au 100? Sababu yake yatoka katika vipimo vya Kiingereza. Futi 6 ni inchi 72, basi kwa skeli hii mtu mrefu wa futi 6 husimama akiwa na inchi 1 kamili. Skeli hii ilitumika huko Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1936 vikaanza kuuzwa huko vifurushi vya vipande vya plastiki vilivyoitwa Frog Penguin, ambavyo mnunuzi aliviunga mwenyewe kwa gundi.

Wala kazi hii haikubaki kuwa mchezo. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, jeshi lake la majini liliomba wanafunzi wa shule wachonge ndege za mfano 500,000 za mti kwa skeli hiyo hiyo ya 1/72, ili askari wajifunze kutambua kwa umbo ipi ni ndege rafiki na ipi ni ya adui. Mifano hiyo ilikaguliwa kabla ya kupokelewa. Fikirini, wasomaji: bawa lililochongwa vibaya na mtoto darasani lingeweza kumfanya askari ampige mwenzake baharini. Hapo twaona kwamba kosa katika kitu kidogo si lazima liwe kosa dogo.

Sasa tuseme habari za hapa kwetu. Shuleni tuna kikundi cha vijana wapatao kumi na wawili, wakutanao siku mbili kila juma baada ya masomo. Vifurushi vya plastiki ni ghali, wala si rahisi kuvipata, kwa hiyo kazi zetu nyingi ni za kadibodi, vijiti na mbao laini ziokotwazo kwa maseremala. Gundi yetu ni ile nyeupe ya maseremala, isafishikayo kwa maji. Jambo hili twalitaja kwa makusudi, kwa kuwa wazazi wa mjini wameona vijana wa mitaani wakiharibiwa kwa kunusa gundi nyingine zenye harufu kali, na hofu yao ni ya haki. Mwalimu atakaye kuanzisha kazi hii hana budi kuwaonyesha wazazi gundi yake kwanza, na wembe kuuweka yeye mwenyewe.

Mara moja tulipewa zawadi ya kifurushi cha plastiki, mfano wa Dakota, yaani Douglas DC-3, ndege ya zamani yenye injini mbili na gurudumu dogo mkiani. Tuliifurahia sana, maana Dakota zilifanya kazi katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lile lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, mwaka ambao Shirika la Ndege la Tanzania lilizaliwa. Vijana walidhani kwamba kitu kitokacho kiwandani hakina kosa, tena kazi yao itakuwa kufuata karatasi ya maelekezo tu. La, sivyo. Lilipotufikia, bawa moja lilikuwa limejipinda kwa joto la safari, mfano wa jani la mgomba lililokauka. Na vipande viwili vya kiwiliwili vilipokutanishwa, ufa ulibaki katikati, hata ukucha ukapita.

Kwa hiyo kifurushi kile kikawa mwalimu wa kusahihisha. Bawa lililopinda tulilitia katika maji ya moto, tukalinyosha polepole, kisha tukalishika katika maji baridi mpaka likashika umbo. Ufa tuliuziba, ulipokauka tukausugua kwa msasa laini, tukapitisha kidole huku tumefumba macho, maana kidole huona ufa ambao jicho halioni. Kwa ndege za mti twatumia vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, nalo lafaa sana. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumeona ya kuwa ufa usiozibwa kabla ya rangi hujitangaza wenyewe baada ya rangi.

Kisha kuna kosa la mabawa yasiyolingana. Mabawa ya Dakota yametoka kifuani yakiwa tambarare, kisha sehemu za nje huinuka kidogo kwenda juu. Mtengenezaji akiunga upande mmoja juu kuliko mwenzake, ndege huonekana kama mtu aliyebeba ndoo moja. Dawa yake ni kuiweka ndege juu ya meza iliyo sawa, kupima kwa rula toka meza hata ncha ya kila bawa, na kuegemeza vijiti chini ya mabawa yote mawili mpaka gundi ikauke. Wala asiyeamini ya kuwa gundi ina nguvu ya kuharibu kazi na akumbuke habari za Rufiji mwaka 1915, Waingereza walipoleta ndege za majini kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg. Baadhi ya ndege zile ziliharibiwa na joto na unyevu wa pwani yetu, hata gundi iliyounga mbao ikaachia. Wale walikuwa mafundi wakubwa, na ndege zenyewe zilikuwa za kweli.

Lakini yako makosa yasiyozibwa kwa vumbi la mbao, nayo ni makosa ya kipimo chenyewe. Tuwaeleze habari za kijana mmoja wa kikundi chetu.

Kijana huyu alikuwa mzito wa hesabu. Mama yake, fundi cherehani, alimlea peke yake, na mwaka ule ulikuwa mwaka wa mtihani. Kijana akachagua kutengeneza ile ndege ya rafadha mbili iliyochorwa twiga mkiani, Bombardier Q400, ambayo Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea mbili za kwanza mwezi wa Septemba mwaka 2016. Alifanya kazi kwa majuma matatu. Ilipokwisha kupakwa rangi, wenzake walimshangilia, na walimu wawili waliopita mlangoni wakaisifu. Kwa hakika ilipendeza. Siku ya wazazi ilikuwa imebaki siku nne.

Sisi tuliitazama tukaona mabawa ni marefu kuliko kiwiliwili. Hatukumwambia kwamba amekosea. Tulimwuliza tu, "Mwanangu, urefu wa mabawa haya uliupata wapi?" Akajibu, "Nimeiona angani, Mwalimu." Tukampa karatasi yenye vipimo vya ndege yenyewe: urefu mita 32.8, upana toka ncha ya bawa hata ncha ya bawa mita 28.4. Tukampa na vya ile ndege kubwa ya Boeing 787-8, iliyofika nchini mwezi wa Julai mwaka 2018: urefu mita 56.7, upana mita 60.1. Kisha tukamwacha.

Akakaa na kalamu yake mpaka jua likakaribia kuchwa. Aligawanya 32.8 kwa 72 akapata sentimita 45.6, akagawanya 28.4 akapata sentimita 39.4. Akapima ndege yake, akakuta mabawa yana sentimita 50. Ndipo akafahamu ya kwamba mabawa yapitayo urefu wa kiwiliwili ni ya ile ndege kubwa, naye aliyaona angani akamvika ndege ndogo. Tena akahesabu mapanga ya rafadha katika picha, akakuta ni sita kwa kila injini, naye alikuwa ametia manne. Akaja akasimama mbele yetu kimya, akiishika ndege kwa mikono miwili. Akauliza, "Mwalimu, nikiiacha hivi, nani atajua?" Tukamwambia kweli, kwamba katika wageni wa siku ile huenda asiwepo hata mmoja atakayejua. Hatukuongeza neno.

Kesho yake alikuja na ndege isiyo na mabawa. Alikuwa ameyakata usiku.

Mama yake alifika siku ya pili yake, amekasirika. Tukaamkiana, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu ameacha daftari zake majuma matatu kwa ajili ya ndege hii, na sasa ameivunja kwa mikono yake. Mimi nawaomba mumtoe katika kikundi." Neno lake lilikuwa na uzito, maana ada na sare za kijana zilitoka katika cherehani ile, na mtihani haungoji mtu. Hatukumbishia. Tulimwomba kijana amweleze mama yake kwa nini aliyakata mabawa. Kijana akaeleza kwa hesabu, akiandika ubaoni, akagawanya mbele ya mama yake bila kusaidiwa. Mama akatazama ubao, kisha akatazama ndege, akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Basi ni kama mshono. Ukienda upande hauushonei juu yake. Unaufumua." Akaongeza kwamba atamruhusu siku moja tu kila juma, na siku ya pili awe na daftari. Tukaona ni hukumu ya haki, na ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya wazazi ndege zote zilipangwa mezani zikimetameta, isipokuwa yake, iliyokuwa na mabawa mapya ya mbao tupu, bila rangi na bila rafadha. Watu wengi waliipita wasiitazame. Aliimaliza mwezi uliofuata, yenye mapanga sita kila upande, na kila rafadha ina upana wa sentimita 5.7, kwa kuwa ile ya kweli yapata mita 4.1. Katika mtihani hakuwa wa kwanza, wala hatutaki kuwadanganya wasomaji. Lakini katika maswali ya uwiano alipata yote.

Tusiache kusema pia kwamba kusahihisha kuna mpaka wake. Bati la ndege lenye unene wa milimita 1 kwa skeli ya 1/72 lingekuwa jembamba hata lisishikike. Fundi mwenye busara hujua ni makosa gani yasiyoepukika, akayaacha, na ni yapi yatokayo kwa uvivu au kwa kupenda sifa, akayaondoa. Tumewaona vijana waliokwama mwaka mzima juu ya mfano mmoja kwa kuutafutia ukamilifu, wasiumalize kamwe; nao pia wahitaji msaada wa mwalimu.

Ninyi walimu wenzetu wa vijijini, msiseme, "Hayo ni ya Dar es Salaam, kwetu hakuna ndege." Chukueni kitu kilicho karibu nanyi, kama mtumbwi, daraja, au nyumba ya shule yenyewe. Kipimeni kwa kamba, chagueni skeli, mkitengeneze kwa kadibodi, kisha mkipime tena. Nanyi wazazi, mtoto akivunja kazi ambayo watu wote wameisifu, msiharakishe kumpiga. Mwulizeni kwanza alikuta nini alipoipima.